Maswali ya Wasomaji: Watu Wanane, Majiko Mawili

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa kiume, ninaishi Tabata, Dar es Salaam, katika chumba na sebule. Nimewaahidi marafiki zangu saba kwamba nitawaalika kwa chakula cha usiku Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Nina jiko la gesi la mtungi mdogo, jiko la mkaa, sufuria tatu na kikaango kimoja. Mwenzetu mmoja hali nyama ya aina yoyote, na wawili ni Waislamu. Nilikuwa nimepanga kupika pilau ya nyama, kuku wa kukaanga, chipsi, sambusa, maharage na kachumbari, lakini nilipopiga hesabu niliona mshahara wote utaishia mezani. Nipunguze wapi bila wageni kusema nimewabania?

Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Orodha yako ina tatizo lililo kubwa kuliko bei. Vyakula vitatu kati ya hivyo sita, yaani kuku wa kukaanga, chipsi na sambusa, vinataka mafuta mengi yaliyopata moto sawasawa, na vyote ni vitamu pale tu vinapotoka karaini. Maana yake ni kwamba wageni watakuwa sebuleni wakipiga soga, na wewe mwenyeji utakuwa jikoni unatokwa jasho hadi saa nne usiku, huku mafuta uliyoyanunua kwa bei ya leo yakiishia kumwagwa. Pilau nayo, pamoja na sifa zake zote, inamtenga yule mwenzenu asiyekula nyama, kwa kuwa supu ya nyama imeshaingia katika kila punje ya mchele, na kumwambia achambue vipande na kuviweka pembeni si uungwana.

Kabla ya kuhesabu fedha, basi, hesabu majiko. Unayo mawili, na moja kati ya hayo ni la mkaa ambalo moto wake haupandi wala kushuka kwa kuzungushwa kitasa. Kila chakula unachokichagua kiulize maswali mawili: je, kinaweza kupikwa na kumalizika kabla mgeni wa kwanza hajabisha hodi, na je, kinaweza kungoja bila kuharibika ladha? Chakula kinachojibu ndiyo mara mbili kibaki, na kisichoweza kitolewe, isipokuwa kimoja tu ambacho utakipika mwisho.

Mimi ningekushauri upike wali wa nazi, rosti ya kuku, maharage ya nazi, mchicha wa kukaanga na kachumbari, kisha uandae juisi ya ukwaju na matunda ya kumalizia. Maharage na mchicha, ukiviweka juu ya wali, ni mlo kamili kwa asiyekula nyama, na hao wengine watavila vilevile kama kitoweo cha pili, kwa hiyo hutakuwa na sufuria iliyopikwa kwa ajili ya mtu mmoja. Angalia tu usije ukatumia mchuzi wa kuku kuyaungia maharage, wala mwiko mmoja kwa sufuria zote mbili.

Bei za sokoni zinabadilika kila wiki, kwa hiyo nitakupa vipimo badala ya shilingi. Kwa watu wazima wanane, mchele kilo moja na robo unatosha na unabaki kidogo. Kuku wa kisasa wawili, kila mmoja akikatwa vipande kumi, watatoa vipande ishirini, na ninyi mnaokula nyama ni saba. Kila mtu atapata viwili na bado sahani ya kuongezea itakuwa na kitu. Maharage makavu nusu kilo, baada ya kulowekwa na kuchemshwa, yanakuwa zaidi ya maradufu. Nazi zinatosha tatu, mbili za wali na moja ya maharage. Ongeza mafungu manne ya mchicha, kwa sababu mchicha unanywea sana ukiingia motoni, kilo moja na nusu ya nyanya, kilo moja ya vitunguu maji, vitunguu saumu, tangawizi, karoti mbili, ndimu na pilipili chache. Ukwaju robo kilo unatoa takribani lita mbili za juisi, na juisi hiyo itakugharimu kidogo sana ukiilinganisha na soda za watu wanane.

Kwenye bajeti hii kuku ndiye mzigo mkubwa, na hapo ndipo watu wengi wanapopotezwa na majivuno. Kuku wa kienyeji ana ladha, sibishani, lakini bei yake ni ya juu, nyama yake ni haba, na anataka kuchemshwa muda mrefu kabla hajalainika, jambo linalokula gesi pia. Kwa rosti ya watu wengi, kuku wa kisasa anafaa kabisa, mradi utunze nyama yake isisambaratike. Kwa kuwa wageni wawili ni Waislamu, nunua kwa muuzaji ambaye una hakika kuku wake wamechinjwa na Mwislamu. Katika masoko ya Dar es Salaam hilo ni jambo la kawaida na hakuna atakayeshangaa ukiuliza. Kama sufuria zako zimewahi kupikiwa kitimoto, azima nyingine kwa jirani, na usilifanye jambo hilo kuwa siri ya jikoni.

Mchele ununue mapema. Soko la Tandale linajulikana kwa nafaka, na ukienda huko utakuta mchele wa Mbeya, wa Shinyanga na wa Morogoro katika magunia yaliyo wazi, kwa hiyo una nafasi ya kuushika na kuunusa. Muulize muuzaji kama mchele ni mpya au ni wa zamani. Mchele mpya unanukia vizuri lakini unataka maji machache, na ukiupa maji ya mchele wa zamani utapata bokoboko. Ukitaka kuwa salama, chukua wa zamani, au pika kikombe kimoja siku mbili kabla ili uujue tabia yake. Nyanya, vitunguu na mchicha nunua asubuhi ya siku yenyewe, na usinunue nyanya zilizoiva sana zote. Za rosti ziwe laini, za kachumbari ziwe ngumu.

Sasa tuje kwenye saa. Tuseme mtakula saa mbili usiku. Ijumaa kabla ya kulala chagua maharage na uyaloweke katika maji mengi; kama unapenda ya njano, huiva upesi kuliko mekundu. Asubuhi mwaga maji hayo. Saa nane mchana washa mkaa, uyachemshe kwa moto mkali kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto, kwa kuwa maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoondolewa na mchemko wa nguvu, na moto wa chini peke yake hautoshi. Yakishaiva, kaanga kitunguu, kitunguu saumu, nyanya na karoti, uyatie humo, kisha uongeze tui jepesi na mwisho tui zito. Tui zito likiingia, koroga mfululizo kwa upande mmoja mpaka lichemke, la sivyo litakatika, na tui lililokatika halina dawa.

Saa kumi na nusu ingiza kuku kwenye gesi. Awe ameshapakwa chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu tangu mchana, na amewekwa mahali pa baridi. Kama huna friji, mpake saa moja tu kabla ya kumpika. Mkaange kidogo kwa mafuta machache katika kikaango, vipande vichache kwa zamu, mpaka ngozi ibadilike rangi. Hatua hii ndiyo inayozuia nyama ya kuku wa kisasa isimeguke katika mchuzi. Halafu tengeneza rosti katika sufuria: vitunguu vingi vikaangwe hadi viwe rangi ya dhahabu, nyanya zifuate, na uzipe muda. Wapishi wengi wachanga huziharakisha nyanya na matokeo yake ni mchuzi mchachu wenye maji. Zikaange mpaka uone mafuta yanajitenga na kutokea pembeni mwa sufuria, kisha tia bizari kijiko kimoja, maji kikombe kimoja na vipande vya kuku, ufunike kwa dakika 25 hivi. Kipande kinene kikichomwa kwa kisu karibu na mfupa, maji yanayotoka yawe meupe. Yakiwa na wekundu, bado.

Wali ndio chakula chako cha mwisho. Nazi zikunwe jioni hiyohiyo, kwa kuwa tui haliwezi kuvumilia joto la Dar es Salaam. Kama huna mbuzi, wapo wauzaji sokoni wanaokuna kwa mashine. Kamua tui zito kwanza uliweke kando, kisha ongeza maji ukamue tui jepesi. Saa kumi na mbili na nusu tui jepesi na chumvi viwe vinachemka kwenye jiko la mkaa, mchele uliooshwa uingie, na maji yanapokaribia kukauka mimina tui zito, geuza mara moja tu, funika, punguza makaa ya chini na upalie makaa juu ya mfuniko. Hapo wali hauhitaji tena usimamizi wako. Gesi imebaki huru, nawe utaitumia kupasha rosti mpaka ichemke, kuyapasha maharage, na mwisho kabisa kukaanga mchicha, ambao unahitaji dakika tano au sita na kitunguu kingi, basi. Mchicha ukiupika mapema utageuka rangi na kutoa maji.

Kachumbari ndiyo inayouchangamsha mlo wenye nazi, kwa hiyo usiifanye kwa kupitisha mkono. Katakata vitunguu viwe vyembamba iwezekanavyo, vifikiche kwa chumvi mpaka vilegee, vioshe kwa maji mara mbili ili ukali utoke, kisha vikamue. Changanya na nyanya ngumu zilizokatwa na pilipili iliyotolewa mbegu. Ndimu na chumvi zitie wageni wakiwa wameshakaa, kwa sababu chumvi hutoa maji kwenye nyanya na ndani ya nusu saa bakuli linakuwa na supu. Pilipili ya kuwasha iwe katika kibakuli chake. Si kila mtu anayeipenda anaiweza.

Kuhusu sahani, usikodi kitu. Kama marafiki zako wanakaa mkekani bila taabu, masinia mawili yatakutosha: moja la watu wanne wenye kuku, jingine la watu wanne ambapo kuku anawekwa katika bakuli la pembeni ili asiyekula nyama asiguswe na mchuzi. Andaa birika la maji ya vuguvugu, sabuni, beseni na taulo safi. Kama hawajazoea sinia, weka sufuria mezani kila mtu ajipakulie. Utaratibu huo unapunguza pia mabaki, maana mtu hujipimia anachoweza.

Matunda yafuate msimu. Kati ya Novemba na Januari maembe na mananasi ya Kiwangwa yanajaa masokoni, katikati ya mwaka ni zamu ya machungwa, na tikiti maji halikosekani karibu mwaka mzima. Tunda moja lililoiva vizuri linatosha. Mchanganyiko wa matunda matano ni gharama isiyo na faida. Na kuhusu kusemwa kwamba umebana, mwanangu, mgeni aliyekula kuku vipande viwili, wali wa nazi na maharage, huku mwenyeji wake ameketi naye, hana la kulalamikia.

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi niko Majengo, Mombasa. Nikiwaalika shoga zangu saa moja ya jioni, wa kwanza hufika saa mbili na wa mwisho saa tatu na nusu. Chakula hupoa, nikakipasha mara mbili tatu, na wali huharibika. Pia kila mmoja huniuliza alete nini, nami huona haya kumwagiza kitu, nikamwambia aje tu. Kisha tunajikuta na keki nne na hakuna maji ya kunywa. Nifanye vipi, na mimi si tajiri?

Msomaji, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Wageni wako huwezi kuwabadilisha, kwa hiyo badilisha chakula. Katika mji wako kuna mlo ambao ni kana kwamba ulibuniwa kwa ajili ya watu wanaochelewa, nao ni biriani, kwa kuwa masala yake hupikwa mbali na wali. Masala ya biriani yakikaa saa moja zaidi katika moto mdogo hayaharibiki, bali huzidi kukolea. Wali wake, uliolowekwa tayari, hauchukui muda mrefu kuiva, kwa hiyo unaweza kuuinjika pale tu mgeni wa tatu anapoingia mlangoni.

Watu wengi huiogopa biriani kwa sababu ya gharama ya nyama, na ni kweli kwamba biriani ya mbuzi si ya kila wiki. Tumia nyama ya ng'ombe yenye mfupa, uilaze katika mtindi, tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi lililosagwa, kijiko kimoja au viwili kwa kilo ya nyama. Papai bichi lina kimeng'enya kinachovunja nyuzi za nyama, na hata kipande cha bei nafuu hulainika. Usizidishe wala usiilaze usiku kucha, maana nyama itakuwa unga. Ongeza mbatata zilizokaangwa nusu; zinanywa masala, zinajaza sahani, na mgeni hatambui kwamba nyama ilikuwa kilo moja na robo badala ya mbili. Vitunguu vya kukaanga, ambavyo ndivyo roho ya masala yenyewe, vikaange siku iliyotangulia uvihifadhi katika chombo kikavu. Viungo vizima nunua kidogokidogo Marikiti badala ya pakiti zilizosagwa zamani, na vitunguu na nyanya kwa wingi uvipate Kongowea, hata kama itabidi mgawane na jirani.

Kuhusu kupasha, wali uliopikwa haufai kuachwa mezani ukapoa polepole na kupashwa mara kwa mara. Katika mchele huwamo bakteria ambao mbegu zao haziuawi na mchemko; wali ukikaa katika joto la kawaida huamka, huzaana, na baadhi hutoa sumu ambayo kuupasha moto hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida, na kile kinachosubiri kuliwa kibaki na joto la zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi. Kwa hiyo wali uingie katika hotpoti ungali unafuka moshi, na hotpoti iwe imeshasuuzwa kwa maji ya moto kabla. Masala yabaki jikoni kwenye moto mdogo. Wanaowahi wape kitu cha kutafuna kisichokushughulisha, kwa mfano karanga au mihogo ya kukaanga uliyoinunua kwa mama wa mtaani. Si lazima kila kitu kipitie mikononi mwako.

Na hayo ya kuona haya, dada, yaache. Shoga anayekuuliza alete nini amekwisha kukufungulia mlango. Mjibu kwa jina la kitu na kiasi chake: fulani alete maji ya kunywa lita kumi, fulani alete barafu, fulani matikiti mawili, na fulani keki moja. Chakula kikuu kibaki kwako, kwa sababu mwenye kuleta chakula kikuu akichelewa, nyote mtalala njaa. Ukimwambia kila mtu aje na chochote apendacho, watapita wote katika duka moja la mikate.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni mwanafunzi, ninaishi Leicester, Uingereza. Nataka kuwapikia wenzangu sita wa bweni ambao hawajawahi kuonja chakula chetu. Jiko ni la watu wote, nazi ni za makopo na mchele ni basmati. Je, inawezekana bila kutumia fedha nyingi?

Msomaji, Leicester

JIBU: Marahaba. Inawezekana, na orodha niliyompa ndugu yetu wa Tabata inakufaa kwa mabadiliko machache. Kopo la tui la mililita 400 usilitikise. Juu utakuta sehemu nzito, ambayo ndiyo tui lako la mwisho, na chini kuna maji ya kuongezea katika tui jepesi. Kopo moja na maji ya kawaida yanatosha kwa vikombe vitatu vya basmati, ukihesabu kikombe kimoja na nusu cha majimaji kwa kila kikombe cha mchele. Loweka mchele nusu saa, na baada ya kuuingiza sufuriani usiukoroge, kwa sababu punje za basmati ni ndefu na hukatika. Mkaa wa kupalia hunao, basi funika kwa karatasi ya alumini chini ya mfuniko na upunguze moto hadi mwisho.

Kuku nunua mapaja yenye mfupa, ambayo kwa kawaida yana bei ndogo kuliko vidari na yanavumilia rosti. Maharage ya kopo yameshachemshwa, kwa hiyo yaoshe na uyatie kwenye kaango moja kwa moja. Kabla ya kununua chochote, waulize wenzako kama kuna anayedhurika na chakula fulani, na nazi na karanga uzitaje kwa majina. Huko watu wamezoea kuulizwa na hawatakuona mkorofi. Pika mapema kidogo kabla ya saa ambayo kila mkazi wa bweni anataka jiko.

Ukitaka mboga itakayowashangaza, tafuta kisamvu kilichogandishwa katika maduka ya vyakula vya Kiafrika. Soma pakiti uone kama kimeshatwangwa, na uwe mwangalifu kukichemsha muda mrefu hadi kilainike kabisa kabla ya kutia tui, kwa kuwa majani ya muhogo mabichi yana sumu inayotolewa kwa kutwangwa na kuchemshwa, na pakiti nyingi huuzwa yakiwa hayajaiva.